Kiingereza, Falsafa na Hodi Tatu za Mejumaa

Siku mliponiaga nikistaafu mlinipa saa kubwa ya ukutani. Nashukuru sana, lakini kumpa saa mtu ambaye tangu siku hiyo hana kipindi cha kuwahi ni dhihaka, na nashuku wanafunzi wa mwaka wa tatu wana mkono wao humo. Nimeitundika sebuleni kwangu hapa Msambweni. Wajukuu huitazama kujua katuni zinaanza lini.

Mliniomba pia niandike machache, ili ninyi mnaoendelea kufundisha shahada yetu ya Kiingereza na Falsafa mpate pa kuanzia. Habari za vyeo na mishahara siziandiki. Vyeo vilichelewa, mishahara nayo vivyo hivyo, na funzo lililomo humo ni subira tu, ambayo mtaipata bila mimi.

Nilianza kazi katika tawi letu dogo la chuo pale Ukunda, wakati ule likiwa ghorofani juu ya duka la magodoro, hatua chache kutoka Kona ya Musa. Siku ya kwanza nilivaa viatu vipya vya visigino na nikapanda ngazi kwa madaha yote ya msichana aliyerudi na shahada. Nikafika juu nikakuta darasa limejaa magodoro. Mwenye duka alikuwa amepokea mzigo na hakuwa na pa kuuweka. Wanafunzi wangu wa kwanza kumi na mmoja walinisubiri wakiwa wamekaa juu ya mali yake, wawili wamelala. Nilifundisha hivyo hivyo wiki nzima, na sijawahi tena kupata darasa lenye mahudhurio mazuri kiasi kile.

Nilikuwa nimeajiriwa kufundisha Kiingereza. Falsafa ilikuwa ya Mzee Kilonzo, mtu wa Ukambani aliyewahi kusomea upadre akaacha kwa sababu ya ugomvi. Ukimuuliza aligombana na nani, alikuwa akijibu, "Na mimi mwenyewe." Yeye ndiye aliyenifunza kazi hii. Kalamu nyekundu alinipokonya wiki ya kwanza, akanipa penseli. "Wino unasema umemaliza kufikiri," aliniambia. "Wewe hujamaliza, Saumu. Ndiyo kwanza umeanza."

Na penseli, wenzangu, ndiyo zana yangu kuu ya miaka yote. Ya pili ni kifutio.

Watu wengi hawakuelewa kwa nini masomo haya mawili yafundishwe pamoja. Mzee mmoja mfugaji alishuka kutoka Kinango kuja kutuuliza mwanawe akimaliza atakuwa nani. Mimi nikaanza kutaja ualimu, uandishi wa habari, sheria. Mzee Kilonzo akanikatiza: "Atakuwa mtu mgumu kudanganywa." Yule mzee akafikiri kidogo, akasema, "Basi aje. Wanunuzi wa mbuzi ni waongo sana." Mtoto alikuja, alimaliza, na mpaka leo nasikia bei ya mbuzi wa nyumba ile haichezewi. Mwenyewe Mzee Kilonzo alikuwa na maelezo yake: Kiingereza kitawafunza kusema, falsafa itawauliza kwa nini hamkunyamaza.

Shida ilikuwa kwamba wanafunzi walikuwa wananyamaza. Hili nawaomba mlishike, maana mtalikuta kila mwaka. Watoto wetu wa Pwani ya Kusini wamelelewa vizuri. Ukiingia darasani wanasimama, wanakuamkia shikamoo, kisha wanaandika chochote kinachotoka kinywani mwako. Mtu aliyefunzwa tangu utotoni kwamba mkubwa habishiwi, utamfundishaje falsafa? Mzee Kilonzo alinipeleka nijionee. Akaandika ubaoni: kila chenye miguu hutembea, meza ina miguu, kwa hiyo meza hutembea. Akageuka akasubiri. Kumi na mmoja wakainamisha vichwa, wakaandika. Mmoja akainua mkono, Mzee Kilonzo akang'aa uso.

"Mwalimu," yule kijana akasema, "hiyo ya mwisho tuipigie mstari?"

Tulicheka ofisini mpaka mwenye duka akapanda kuuliza kuna nini. Lakini jioni nikiwa nyumbani nilihuzunika, kwa sababu nilijua mimi pia ningeandika. Mimi ni mtoto wa Msambweni. Marehemu baba angeniambia meza hutembea, ningeipisha njia.

Ndipo nikaja na ile kanuni yetu ya hodi, ambayo sasa mnaifanya kama iliyoteremka pamoja na mtaala. Nilijiambia: sisi hatuwezi kumbishia mtu, lakini kuingia kwake tunaweza, tukibisha hodi. Hoja ya mtu ni nyumba yake. Kwa hiyo anayetaka kupinga anasema "hodi". Mwenye hoja, awe mwanafunzi au mwalimu, lazima ajibu "karibu", na akishakaribisha lazima amwache mgeni wake aseme mpaka amalize. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kama ilivyo desturi, hodi ni tatu. Ukibisha tatu bila jibu, huna ruhusa ya kuvunja mlango, unaondoka zako. Hapo nikaongeza kifungu changu: mgeni akiondoka, mwenye hoja sharti atoke amfuate, amrudishe, kwa sababu aibu ni ya nyumba isiyofungua.

Wiki ya kwanza hakuna aliyebisha. Wiki ya pili msichana mmoja wa Funzi alisema "hodi" kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Nikamkaribisha, akaibomoa hoja yangu vipande vipande, kisha akasema ahsante. Tangu hapo ilikuwa mafuriko. Kuna siku nilibishiwa hodi tisa katika saa moja, na Mzee Kilonzo akapita mlangoni akaniuliza kama nimefungua nyumba ya wageni. Siku zile nilikuwa napanda zile ngazi mbiombio. Hakuna kazi tamu duniani kama kuona mtu aliyekuwa akiogopa kufikiri mbele yako akianza kufikiri, halafu akakushinda.

Sasa niwaambie habari ya Mejumaa, ambayo mnaisikia kwa vipande na kila anayeisimulia anaongeza chumvi.

Mejumaa alikuja kwetu akiwa mtu mzima, mke wa mtu na mama wa watoto watatu, mkulima wa mwani kutoka Kibuyuni. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali na mashamba ya mwani kuwa wazi, hakuja darasani, na hakuomba radhi kwa hilo. Siku nyingine alifika wa kwanza, vidole vimekakamaa kwa chumvi. Mara mbili aliahirisha masomo, mara ya kwanza kwa uzazi, ya pili mama yake alipofariki. Kwa hiyo alipofika mwaka wa mwisho, muda wa juu ambao chuo kinamruhusu mtu kukamilisha shahada ulikuwa unamwishia. Kwake hapakuwa na kurudia.

Tasnifu yake niliisimamia mimi. Swali lake lilikuwa: je, kimya ni ridhaa? Upande wa Kiingereza alichambua wahusika wa hadithi ambao wengine huwasemea, jinsi msimulizi anavyoandika "akanyamaza" na msomaji akajaza mengine. Upande wa falsafa alijenga hoja kwamba anayenyamaza hajakubali kitu mpaka iwe salama kwake kukataa. Sura ya kwanza ilianza na mfano wa msichana aliyeulizwa na wazee kama anamtaka mchumba, akainamisha kichwa, na nyumba nzima ikapiga vigelegele. Nikaandika pembeni kwa penseli: "Mfano mzuri. Umeutoa wapi?" Hakujibu. Nami nikachukulia kwamba ameubuni, nikaendelea mbele.

Mnajua kwamba kila tasnifu hutetewa kwa mdomo mbele ya mtahini wa nje. Mwaka ule aliletwa Profesa mmoja kutoka bara. Jina lake silitaji kwa sababu yu hai na ana kumbukumbu nzuri. Alikuwa msomi wa kweli, ila alikuwa mtu wa kuongea. Akikuuliza swali alilijibu mwenyewe, akalipinga jibu, akacheka, kisha akakutazama kama aliyekushinda wewe.

Kosa lilikuwa langu, naliandika hapa wazi. Kanuni ya hodi tulikuwa tumeizoea kiasi kwamba sikukumbuka kumweleza mgeni. Mimi msimamizi nilikuwa nimekaa nje kama utaratibu unavyotaka, na mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Nikamsikia Profesa anaanza: kama kimya si ridhaa, mikutano itapitishaje mambo? Nikamsikia Mejumaa, taratibu, "Hodi." Profesa akaendelea kuongea. "Hodi," mara ya pili. Profesa akawa amefika kwenye mabunge. "Hodi." Akahamia kwenye harusi za kanisani. Kisha nikasikia kiti kinasogezwa, na Mejumaa akatoka, ameuweka sawa mtandio wake, akapita mbele yangu akaenda kukaa kwenye ngazi.

Alikuwa akisubiri kufuatwa.

Alikaa pale nusu saa. Mimi niliingia kumweleza Profesa, lakini alikuwa ameshaandika kwenye fomu: mtahiniwa hakuweza kujibu swali na akaondoka mtihanini bila ruhusa. Alikuwa ameghadhabika, na wanaomfuata walikuwa wanasubiri zamu yao. Nilipotoka tena, ngazi zilikuwa tupu. Lilikuwa bamvua, maji yalikuwa yanakupwa, na Mejumaa alikuwa amerudi Kibuyuni kwenye mwani wake.

Sikulala vizuri. Mzee Kilonzo alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao, nikampigia simu alfajiri nikamweleza. Alicheka kwanza, kwa muda mrefu, jambo lililoniudhi. Halafu akasema, "Kanuni ni yako, Saumu. Inasema nini mgeni akiondoka?"

"Afuatwe."

"Basi unanipigia mimi simu kwa nini?"

Nilimkuta Profesa huko Diani, kwenye bustani ya hoteli aliyofikia, akipata kifungua kinywa. Alikuwa anaondoka siku ileile na bahasha ya alama zake. Kabla sijamaliza kumsalimia, tumbili akashuka kutoka kwenye paa, akanyakua andazi kwenye sahani yake na kupanda nalo juu akimtazama. Profesa akasimama na kijiko mkononi.

"Huyo," nikamwambia, "ndiye asiyebisha hodi."

Akanitazama kwa hasira, nikakaa bila kukaribishwa na nikamweleza yote: magodoro, meza inayotembea, hodi tatu, na kifungu cha kumfuata mgeni. Nilimwambia kosa ni langu, na kwamba mwanamke yule hakukimbia mtihani. Alitii sheria ya darasa langu mpaka mwisho, huku akijua shahada yake yote iko rehani.

Profesa alikaa kimya, jambo ambalo nadhani lilimshangaza hata yeye. Kisha akauliza, "Alibisha tatu?"

"Tatu. Niliwasikia wewe na yeye kwa masikio yangu."

"Na mimi nilikuwa naongea."

"Ulikuwa kwenye harusi za kanisani."

Akafuta mdomo, akachukua ile bahasha. "Kibuyuni ni mbali?"

Tulikwenda na gari langu, ambalo mnalijua kwa sauti kabla ya kuliona. Njia nzima hadi tulipokunja kuelekea Shimoni, Profesa aliniuliza maswali na, wallahi, akasubiri majibu. Tulifika Kibuyuni wakati wanawake wanatoka baharini. Nyumba ya Mejumaa tulielekezwa: ile yenye mwani umeanikwa kwenye chanja. Mlango ulikuwa wazi, hakuna mtu. Nilifungua kinywa, kisha nikakifunga. Nikamtazama Profesa.

"Hodi," akasema.

Kimya.

"Hodi!" Akanigeukia kwa kunong'ona. "Na tukifika ya tatu?"

"Tunarudi Diani."

Alivuta pumzi kama mwadhini. "Hodiii!"

"Karibuniii!" ikajibu sauti kutoka nyuma ya nyumba, na Mejumaa akatokea akiwa na leso iliyolowa mpaka magotini. Alipoona ni nani akasimama palepale. Akaniamkia, akamwamkia Profesa, na kwa sababu ni mtu aliyelelewa, hakuuliza tumefuata nini. Alitutandikia mkeka barazani, akaleta maji ya madafu, akaenda kubadilisha leso. Barazani alikuwepo baba yake, Mzee Rama, aliyehamia kwa binti yake baada ya kufiwa na mkewe. Alikuwa anafunga vipande vya mwani wa mbegu kwenye kamba, na alitupokea kwa furaha bila kujua sisi ni kina nani.

"Nimekuja kukuuliza tena," Profesa akamwambia Mejumaa aliporudi. "Swali lilelile. Safari hii nitanyamaza."

Ukafanyika utetezi wa tasnifu pale, kwa Kiingereza, mimi nikiwa shahidi, Mzee Rama akiendelea kufunga kamba. Profesa akauliza: kwenye mkutano mwenyekiti akiuliza kama kuna pingamizi na watu wakanyamaza, jambo linapita. Hiyo si ridhaa?

"Hodi," Mejumaa akasema.

"Karibu," Profesa akajibu upesi sana.

"Kwenye mkutano, anayenyamaza angeweza kukataa na bado akarudi nyumbani akala chakula chake," Mejumaa akasema. "Kimya chake kinaweza kuhesabiwa. Yule ambaye akikataa atapoteza kitu ambacho hawezi kuishi bila kuwa nacho, kimya chake hakisemi neno lolote. Jana uliona nimenyamaza ukaandika kwamba sina jibu. Nilikuwa nalo, Profesa. Nililibeba mpaka nyumbani."

Profesa hakuandika. Alimtazama, kisha akasema kwa Kiswahili, "Kimya kingi kina mshindo mkuu," na nikaona anajizuia kucheka kwa raha. Akamwuliza mengine manne. Kila moja alilipokea, akaligeuza, akalirudisha likiwa bora zaidi. Mimi nilikuwa nimeshika penseli na sikuwa na pa kuitumia. Nilijivuna mpaka nikaona haya.

Ndipo Mzee Rama akauliza, "Mwanangu, mbona mgeni amechangamka hivi? Mnazungumza nini?"

"Mweleze," Profesa akasema. "Mtu anayeweza kuieleza hoja yake kwa lugha moja tu, bado hajaielewa."

Mejumaa akatazama chini. "Hilo ni swali la mtihani?"

"La mwisho."

Alikawia. Nikaona mikono yake inaikunja ncha ya leso na kuikunjua, na hapo, baada ya miaka miwili ya kusoma kurasa zake, nikajua ule mfano wa sura ya kwanza aliutoa wapi. Nilikuwa nimemwuliza kwa penseli, akanyamaza, nami nikajijibia.

"Baba," akasema, "nimeandika kwamba msichana akiulizwa kuhusu ndoa akainamisha kichwa, hajakubali. Amenyamaza tu. Anayetaka kujua, amwulize tena, mahali ambapo anaweza kusema hapana."

Mzee Rama aliweka kamba chini.

"Siku ile nilikuuliza mara moja," akasema. "Ukainama, nikatoka nje nikawaambia watu amekubali. Nilifurahi sana siku ile."

"Najua, Baba. Furaha yako ndiyo iliyonifunga mdomo. Na Bakari ni mume mwema, sina neno naye. Ninyi hamkukosea mtu."

"Ningekuuliza mara ya pili, ungesemaje?"

"Ningesema nitaolewa naye. Lakini kwanza nimalize shule."

Mzee akanyamaza, na katika sisi watu watatu tuliosoma, hakuna aliyethubutu kumfasiria kimya chake. Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke. Kisha akamgeukia Profesa.

"Bwana, amepita?"

"Amepita, Mzee. Amepita vizuri sana."

Mejumaa akaziba uso kwa mikono miwili. Nikapiga kigelegele, mimi mwalimu mzima, na jirani wawili wakachungulia uani. Mzee Rama akainua mkono tunyamaze.

"Huyo nimemwuliza kwa adabu tu," akasema. Akamsogelea binti yake. "Mejumaa, nakuuliza wewe. Hiyo shahada unaitaka?"

"Naitaka, Baba."

Jirani wakaanza vigelegele. Mzee Rama akawakatiza, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mwanawe, na akamwuliza mara ya pili.